Mkufunzi Msaidizi: Jinsi Wahadhiri Wazawa Walivyoandaliwa Afrika Mashariki

Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vilianza kutoa shahada kabla ya kuwa na walimu wake vyenyewe. Makerere, iliyofunguliwa Kampala mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi, ilipandishwa hadhi mwaka 1949 na kuwa chuo kikuu kishiriki chenye uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, yaani chuo ambacho mitaala yake iliidhinishwa London na mitihani yake ilipitiwa na watahini wa London, hata cheti alichokabidhiwa mhitimu kikawa cha London. Mfumo huo ulitokana na mapendekezo ya Tume ya Asquith, ambayo serikali ya Uingereza iliiunda mwaka 1943 ili ichunguze elimu ya juu katika makoloni, na ambayo ilikabidhi taarifa yake mwaka 1945. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la vyuo vikuu mjini London, ambalo mojawapo ya kazi zake ilikuwa kuwatafuta wahadhiri Uingereza na kuwapeleka ng'ambo. Tume ilishikilia kwamba kiwango cha elimu makoloni kisipungue kile cha Uingereza, na katika hilo haiwezi kulaumiwa, ila njia iliyochaguliwa ya kulinda kiwango ilikuwa kuleta walimu kutoka nje, na swali la nani angewarithi walimu hao, na angeandaliwa wapi, likaachwa lijijibu lenyewe.

Kijana wa Kiafrika aliyehitimu Makerere kabla ya 1949 alitoka na stashahada, si shahada, na kama alitaka kusonga mbele ilimpasa kuvuka bahari na kuanza upya. Julius Nyerere alisoma ualimu Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akapata ufadhili wa serikali kwenda Edinburgh mwaka 1949, akahitimu shahada ya sanaa mwaka 1952, na aliporejea Tanganyika kazi iliyomfaa mtu wa elimu yake ilikuwa kufundisha shule ya sekondari ya Pugu, kwa sababu nchi haikuwa na chuo kikuu chochote cha kumpokea. Ufadhili ulikuwapo, japo kwa wachache mno. Kilichokosekana ni kazi ya kitaaluma ambayo ufadhili huo ungemwandalia mtu. Jambo hili, kwamba fedha za masomo na nafasi ya kazi ni vitu viwili vinavyoweza kupishana kwa miaka mingi, ndilo lililoamua mwendo mzima wa historia inayosimuliwa hapa, ingawa vitabu vingi vinavyohusu elimu ya juu huhesabu ufadhili na kuisahau nafasi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 fedha za masomo ziliongezeka ghafla. Mwaka 1959 nchi za Jumuiya ya Madola zilikutana Oxford na kukubaliana kuanzisha mpango wa ufadhili wa pamoja, ambao ulianza kutoa nafasi mwaka 1960 na ambao ulilenga hasa masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Mwaka huohuo wa 1959, kwa juhudi za mwanasiasa wa Kenya Tom Mboya na marafiki zake wa Marekani, ndege ya kwanza iliyokodiwa iliwapeleka vijana 81 kutoka Nairobi kwenda kusoma katika vyuo vya Marekani, na safari zilizofuata ziliwachukua mamia ya wengine, wakiwamo wa nchi jirani. Moscow nayo ilifungua mwaka 1960 chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kilichopewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kila upande wa Vita Baridi ulikuwa na sababu zake za ukarimu, na vijana wa Afrika Mashariki hawakuwa na haja ya kuziuliza sana.

Hata hivyo ndege hizo hazikubeba wahadhiri watarajiwa, bali wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao walitegemewa kurudi kushika ofisi za serikali, na aliyetaka kubaki katika taaluma alilazimika kujitafutia njia. Wangari Maathai, aliyeondoka Kenya mwaka 1960, alipata shahada ya kwanza ya sayansi huko Kansas mwaka 1964 na ya uzamili katika biolojia kwenye Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alirudi Nairobi mwaka 1966 akiwa ameahidiwa kazi ya msaidizi wa utafiti katika zoolojia, akakuta kazi hiyo imekwisha kupewa mtu mwingine; katika kumbukumbu zake aliueleza uamuzi huo kuwa wa ubaguzi, wa kabila na wa jinsia. Aliokolewa na profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, aliyekuwa akianzisha idara ya anatomia ya wanyama na aliyehitaji msaidizi, na kupitia kwa Hofmann alikwenda Ujerumani mwaka 1967 kwa utafiti, akarudi mwaka 1969 kuwa mhadhiri msaidizi, na mwaka 1971 akatunukiwa uzamivu na chuo cha Nairobi, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na ya Kati kufikia daraja hilo. Shahada mbili za Marekani hazikumfungulia mlango. Ulifunguliwa na kiti kimoja kitupu katika idara changa.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa Juni 1963 kwa kuunganisha vyuo vishiriki vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kilirithi tatizo hilo likiwa limekomaa. Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote: ilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, ikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15, na haikuhamia Mlimani, kwenye kampasi yake ya kudumu, hadi 1964. Wahadhiri wake wa mwanzo walikuwa karibu wote wageni wenye mikataba ya miaka michache, ambao sehemu ya mapato yao ilitokana na misaada ya serikali zao, kwa hiyo chuo kilipomwajiri mgeni hakikulipa gharama yake yote. Kwa hesabu ya muda mfupi mgeni alikuwa nafuu, na wakuu wa vyuo waliijua hesabu hiyo.

Katika hali hiyo Rockefeller Foundation, taasisi ya hisani ya Marekani, iliingiza mpango wake wa kuendeleza vyuo vikuu ambao ulihusisha pia Nigeria, Kolombia, Ufilipino na Thailand. Fedha zake zilifanya mambo mawili kwa pamoja, na la pili lilikuwa na akili zaidi kuliko la kwanza. La kwanza lilikuwa ufadhili wa kawaida, wa kuwapeleka wahitimu bora katika vyuo vya Marekani na Uingereza kusoma uzamili na uzamivu. La pili lilikuwa kugharimia nafasi za uhadhiri maalumu, yaani nafasi za muda zilizowekwa nje ya ikama. Ikama ni orodha iliyoidhinishwa ya nafasi za kazi katika taasisi, kila moja na mshahara wake, na kama nafasi ya mhadhiri wa uchumi ilikuwa bado imeshikwa na mgeni mwenye mkataba, mzawa aliyerejea na shahada yake hangeweza kuajiriwa hata kama kila mtu alimtaka. Kwa uhadhiri maalumu, mzawa aliingia kazini siku aliyorudi, akafundisha sambamba na mgeni, na mgeni alipoondoka akaichukua nafasi ya kudumu. Ni utaratibu wa kiofisi usio na mvuto wowote, wala haujapigiwa tarumbeta kama zile ndege za Mboya.

Matokeo yalionekana upesi. Isaria Kimambo alipata uzamivu Northwestern University mwaka 1967, akajiunga na idara ya historia ya Dar es Salaam iliyoanzishwa na Terence Ranger, na mwaka 1969 yeye na Arnold Temu wakahariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichowakusanya waandishi wa idara hiyo. Mwaka 1970, Dar es Salaam ilipokuwa chuo kikuu kamili, alikabidhiwa usimamizi wa taaluma wa chuo kizima. Makerere nako Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyeanza kufundisha huko mwaka 1963, alikuwa profesa kamili mwaka 1965 ilhali Oxford ilimtunuku uzamivu mwaka 1966. Kwa mizani ya leo, ambapo mtu hukaa miaka mingi akingoja makala zake zihesabiwe, kupanda kwa kasi namna hiyo kunastaajabisha, lakini hakukuwa upendeleo: kizazi kile kilipanda ngazi ambayo hakuna mtu aliyesimama juu yake.

Kizazi kilichofuata hakikuwa na bahati hiyo, na kwa ajili yake ndipo cheo cha mkufunzi msaidizi kilipopata uzito. Kila idara ilimwangalia mwanafunzi wake bora wa mwaka wa mwisho, ikamwita kabla hajachukuliwa na wizara au shirika la umma, ikampendekeza kwa uongozi wa chuo; akipita, aliajiriwa akiwa na shahada ya kwanza tu, kwa sharti la kwenda kusoma. Hakuwa mhadhiri. Mhadhara, ambapo mwalimu mmoja husema mbele ya darasa zima, uliachiwa wakubwa, naye alipewa semina, ambazo ni vikundi vidogo vya wanafunzi wanaokutana baada ya mhadhara kujadili walichosikia na kusoma. Ilimbidi kukaa nyuma ya ukumbi na kuandika maelezo pamoja na wanafunzi ili ajue profesa amesema nini, kisha awakabili katika chumba kidogo watu waliokuwa majirani zake bwenini mwaka mmoja uliopita, ambao walijua vizuri alivyokuwa akikesha na kitu gani. Alisahihisha majaribio, akasimamia mitihani akitembea kati ya madawati, akatumwa maktaba, akaandika kumbukumbu za vikao vya idara. Kwa mwaka mmoja au miwili wakubwa walimtazama, na wakiridhika akaondoka kwa ruhusa ya masomo.

Ruhusa hiyo ilikuwa kiini cha mpango wote. Aliyeondoka alibaki mtumishi wa chuo na jina lake likabaki katika ikama, na kwa upande wake alitia saini mkataba wa kurudi na kukitumikia chuo kwa muda uliowekwa. Mfadhili, awe wa Jumuiya ya Madola, wa Ujerumani, wa Norwe au wa Uholanzi, alilipa ada, nauli na posho, bila kulazimika kujiuliza msomi huyo angefanya nini baadaye, kwa sababu kazi ilikuwa imetangulia masomo. Katika masimulizi ya misaada mfadhili hupewa sifa ya kuzalisha wahadhiri wa Kiafrika. Ukweli ni kwamba alilipia sehemu ya kati ya safari ambayo mwanzo na mwisho wake vililipwa na hazina ya Tanzania.

Si wote waliokwenda mbali kwa muda mrefu. Issa Shivji alihitimu shahada ya kwanza ya sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akasoma uzamili London, akarudi kufundisha Mlimani, na uzamivu wake akaupata hapohapo mwaka 1982 kwa utafiti uliohusu dola, sheria na wafanyakazi wa Tanzania. Katika Kiswahili njia zilikuwa mbili. Euphrase Kezilahabi, aliyehitimu mwaka 1970 na kufundisha sekondari kabla ya kurudi chuoni, aliandika tasnifu yake ya uzamili ya mwaka 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert, kisha akaenda Wisconsin na kumaliza uzamivu mwaka 1985. Mugyabuso Mulokozi alibaki nyumbani, akautafiti utendi wa nanga wa Wahaya, na akatunukiwa uzamivu na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986. Uzamivu wa nyumbani mara nyingi ulichukua muda mrefu zaidi, kwa kuwa mtafiti aliendelea kufundisha semina, kusahihisha na kuhudhuria vikao huku akiandika, lakini ulikuwa na faida ambayo haikutajwa katika fomu za wafadhili: msimamizi wa utafiti alikuwa chumba cha pili, na jambo lililotafitiwa lilikuwa nje ya dirisha.

Siasa nazo ziligusa mfumo huu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kabla ya kuingia chuo kikuu, hivyo mkufunzi msaidizi aliyetokana na njia hiyo alianza taaluma akiwa mtu mzima mwenye familia, jambo lililobadilisha uwezekano wa kukaa ng'ambo miaka minne au mitano. Uganda kulitokea makubwa zaidi. Mahmood Mamdani, aliyepelekwa Marekani kwa ufadhili wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, alirudi mwaka 1972 kuwa msaidizi wa kufundisha Makerere huku akifanya utafiti wa uzamivu wake wa Harvard, na kabla mwaka haujaisha akafukuzwa nchini pamoja na Waasia wengine kwa amri ya Idi Amin. Mwaka 1973 alipokewa Dar es Salaam, akafundisha huko. Mazrui naye aliondoka Makerere mwaka 1973 na hakurudi kufundisha. Chuo kilichokuwa mama wa vyote kikawa kinawalea wahadhiri wa nchi nyingine.

Miaka ya 1980 iliharibu kitu ambacho mfumo ulikuwa umekichukulia kuwa hakika, nacho ni thamani ya nafasi yenyewe. Shilingi iliposhuka na bei kupanda, mshahara wa mhadhiri wa Dar es Salaam haukuweza kulisha nyumba hadi mwisho wa mwezi, na mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa yakawa sehemu ya mandhari ya nyumba za walimu Mlimani. Mtu aliyemaliza uzamivu ng'ambo alirudi akitimiza mkataba, akatumikia muda wake, kisha akatazama kusini, ambako Botswana, Lesotho na Swaziland zilikuwa na vyuo vikuu vinavyotafuta watu wa sifa zake na kulipa mara kadhaa zaidi. Kezilahabi alihamia Chuo Kikuu cha Botswana mwaka 1995. Ni vigumu kumlaumu yeyote kati yao, na ni vigumu vilevile kutoona kwamba Tanzania, nchi maskini kuliko Botswana, ilikuwa imeigharimia elimu iliyotumika Gaborone.

Pigo lililofuata lilikuwa la kimyakimya zaidi. Chini ya masharti ya kurekebisha uchumi serikali ilisimamisha ajira mpya katika utumishi wa umma kwa muda mrefu wa miaka ya 1990, na wakufunzi wasaidizi, kwa kuwa walikuwa waajiriwa wapya kuliko wote, ndio waliokosekana. Athari ya kutoajiri vijana haionekani mwaka huo wala unaofuata, kwa kuwa mihadhara inaendelea na wakubwa wapo. Huonekana baada ya miaka 20, pale maprofesa wanapofikia umri wa kustaafu wakati walio chini yao ni wahadhiri wasaidizi, na katikati hakuna mtu. Vyuo vikaanza kuwarudisha wastaafu kwa mikataba, na mwishoni mwa miaka ya 2010 umri wa kustaafu kwa lazima wa maprofesa na wahadhiri waandamizi wa vyuo vya umma ukasogezwa kutoka 60 hadi 65.

Katika miaka hiyohiyo ya ukata ufadhili wenyewe ulibadilika umbo, na mabadiliko hayo yalikuwa ya manufaa kuliko yanavyosifiwa. Sweden, ambayo iliunda wakala wake wa ushirikiano wa utafiti mwaka 1975 na kuanza kuisaidia Tanzania muda mfupi baadaye, ilieneza utaratibu ulioitwa sandwichi: mtafiti husajiliwa katika chuo cha Sweden, hukaa huko miezi michache kwa kozi na maabara, hurudi nyumbani kukusanya data na kufundisha, kisha huenda tena, akiwa na wasimamizi wawili katika nchi mbili. Wengine walipitia shahada ya lisensieti, ambayo katika mfumo wa Sweden iko kati ya uzamili na uzamivu. Shirika la Ujerumani la DAAD, lenye ofisi Nairobi tangu 1973, lilitoa pia ufadhili wa kusoma ndani ya Afrika. Katika uchumi, muungano wa utafiti wa Afrika ulioundwa Nairobi mwaka 1988 ulianzisha mwaka 1993 shahada ya uzamili ya pamoja, ambapo wanafunzi wa vyuo mbalimbali walisoma masomo ya msingi kwao na kukutana Nairobi kwa masomo ya uchaguzi, na programu ya uzamivu iliyofuata ikaifanya Dar es Salaam kuwa mmoja wa wenyeji wake. Vyuo visivyoweza kila kimoja kumlipa mtaalamu wa kila tawi viliweza kumlipa kwa pamoja. Lawama inayosikika, kwamba mfadhili huchagua pia maswali ya utafiti, ina ukweli wake, hasa pale ambapo sayansi za mazingira na afya zilipata fedha na falsafa ikakosa, lakini mtafiti aliyeishi nyumbani miezi minane kati ya 12 alikuwa na nguvu ya kubishana kuliko yule aliyekuwa peke yake Uppsala.

Karne mpya ilileta wanafunzi wengi kuliko vyuo vilivyotarajia. Kenya ilikuwa imetangulia, kwani baada ya Chuo Kikuu cha Moi mwaka 1984 na Kenyatta mwaka 1985 vyuo viliongezeka mfululizo, na kanuni za mwaka 2014 zikataka mhadhiri awe na uzamivu, hali iliyowasukuma walimu wengi kurudi madarasani wakiwa wanafunzi. Tanzania ilifungua Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na chuo kikubwa namna hiyo hakikuweza kujazwa ila kwa vijana, hivyo wahitimu wa shahada ya kwanza wakaajiriwa kwa wingi kuwa wakufunzi wasaidizi na kupelekwa masomoni. Semina ya watu wachache ilipotea mahali pengi. Mkufunzi msaidizi akajikuta mbele ya ukumbi uliojaa, akitumia kipaza sauti, akifanya kazi ya mhadhiri kwa mshahara wa mwanafunzi wa mhadhiri.

Namna ya kumpata pia ilibadilika. Mwaliko wa mkuu wa idara ulikwisha, na mahali pake pakaja tangazo la Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, lenye sharti la wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na usaili wa kuandika na wa ana kwa ana. Utaratibu huu umepunguza kujuana, jambo ambalo wanawake na watoto wa wasio na jina wana sababu ya kulishukuru. Umepunguza pia uwezo wa idara kumtambua kijana mwenye alama 3.7 ambaye swali lake moja darasani lilimnyima profesa usingizi. Juu ya hayo, chuo hakiwezi kujaza hata nafasi iliyomo katika ikama bila kibali, na mwaka 2016, serikali iliposimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, mlango ulifungwa tena kwa muda.

Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha kwa Tanzania mkopo wa masharti nafuu wa dola milioni 425 kwa ajili ya mradi wa kuifanya elimu ya juu ichangie mageuzi ya uchumi, na sehemu ya fedha hizo ilitengwa kuwasomesha wanataaluma wa vyuo vya umma uzamili na uzamivu. Kwa mara ya kwanza kwa kiasi kikubwa hivyo, masomo ya wahadhiri yaligharimiwa kwa deni la nchi na si kwa zawadi ya mgeni. Waliofaidika walikuwa tayari waajiriwa, wenye namba zao katika ikama, na kila aliyepanda kutoka ukufunzi msaidizi kwenda uhadhiri aliacha nyuma yake nafasi tupu ya chini, ambayo kujazwa kwake kulihitaji kibali kingine.